Ngojeni Wavu Ushuke

Basi, Mungu ni mwema, lakini nawaomba hilo "amina" lenu mlishikilie kidogo. Msilimwage lote mwanzoni. Ninayokuja kuyasema leo hayapendezi. Kuna mahali mtashindwa mseme nini, na hapo nyamazeni tu, mimi nitaendelea.

Mama mchungaji, wazee, dada na kaka zangu, najua mnachotarajia. Hapa mbele wameshasimama watu walioacha pombe. Amesimama dada aliyezungushwa na karatasi za uhamiaji mpaka nywele zikamtoka. Mimi pombe sijawahi kuonja, na karatasi zangu ziko sawa. Mimi nilikuwa mlevi wa ajali. Ajali za magari, ndiyo. Wewe kaka unayecheka pale karibu na birika la chai, cheka tu. Hata mimi nilianza kwa kucheka.

Wengi mnanijua. Naishi Hopkins, hapa hapa Minnesota, kwenye zile apatimenti za zamani, na kazi yangu iko Blaine, kwenye nyumba ya wazee. Mimi ni CNA, msaidizi wa wauguzi. Kila siku na-drive kutoka huku mpaka kule kwenda kuosha, kulisha, kugeuza na kuinua binadamu. Nina mume mvumilivu, yule pale, asijifiche nyuma ya nguzo. Nina binti wa miaka tisa, ambaye sasa hivi yuko kule chini na watoto wenzake.

Binti yangu ni kama watoto wenu tu. Unamsemesha Kiswahili, anaelewa kila kitu, anakujibu Kiingereza. Ukimtuma chumvi analeta chumvi, lakini neno halitoki. Isipokuwa moja. Tangu akiwa mdogo alikuwa na neno moja la Kiswahili, nalo ni pole. Mtu akijikwaa, pole. Mwanasesere akianguka kutoka kitandani, pole. Gari letu likikwama kwenye theluji, yeye analipapasa boneti na glavu yake, "Pole, gari, pole." Alilipata kwangu, maana mimi neno hilo lilikaa mdomoni kama mate.

Na kazini lilinipa jina. Mwaka wangu wa kwanza pale, bibi mmoja alijikwaa akaanguka, nami nikamkimbilia nikisema, "Sori, sori, sori." Si ndivyo tunavyofanya? Unachukua pole yako, unaivalisha Kiingereza, unaitoa. Kesho yake msimamizi akaniita ofisini. Familia ya bibi ilikuwa imenisikia, ikataka kujua nilimfanya nini mama yao hata nimwombe msamaha. Msimamizi akaniuliza, "Ulimsukuma?" Jamani! Haya, mweleze Mmarekani kwamba kwetu unampa mtu pole kwa mafua, kwa msiba, kwa safari, hata kwa kutoka kazini, na wala hujamgusa.

Tangu siku hiyo sori yao niliwaachia wenyewe. Nikawa nasema pole, Kiswahili kitupu, na wazee wakaizoea. Mmoja wao aliishika hasa. Nikiingia chumbani kwake na theluji mabegani, yeye ndiye ananiwahi: "Pole." Huyo mzee mumkumbuke, kwa sababu habari yangu yote inaanzia kwake na inarudi kwake.

Alikuwa fundi wa magari maisha yake yote, na vidole vyake bado vilikuwa na weusi wa oili kwenye mikunjo, weusi ambao sabuni yangu haikuuweza. Kila Jumapili mchana lazima aangalie mbio za magari kwenye TV. Si mbio za vumbi kama zile za kwetu, gari moja linapita, unakohoa, unangoja lingine. Hizi ni za uwanja mkubwa wa mviringo, mkubwa kupita viwanja vyao vingine, na kwenye kona barabara imeinuliwa ikasimama karibu kama ukuta. Magari yenyewe ukiyatazama kwa nje unadhani ni haya ya barabarani, lakini yanakwenda karibu maili mia mbili kwa saa. Na hayaachani! La mbele linakata upepo, la nyuma linavutwa na upepo huo huo, kwa hiyo magari arobaini yanakwenda yameshikamana kama siafu, pua kwa mkia, ubavu kwa ubavu. Mmoja akiteleza kidogo tu, wamekwisha. Yanaruka, yanabingirika, yanapandana, ishirini kwa mpigo. Ajali hiyo wenyewe wana jina lake. Wanaiita ile Kubwa.

Siku ya kwanza kuiona nilikuwa namkata mzee kucha. Niliweka mikono kichwani nikapiga kelele, "Pole! Jamani pole!" Mzee akacheka. Lakini niliona alichokifanya. Alivua kofia yake akaiweka gotini, akanionyesha TV kwa kidole.

"Tazama dirisha la dereva," akasema. "Pale pana wavu. Akiwa mzima ataushusha, ndiyo ishara yake. Usipumue mpaka wavu ushuke."

Tukatazama. Wavu ukashuka. Mzee akavaa kofia yake, mbio zikaendelea. Nilidhani ni uzee tu. Hayo ya wavu yaliingia sikio hili yakatokea hili.

Sasa ndugu zangu, nawaambia ukweli wa kilichonikamata, na msinihukumu kabla sijamaliza, mtanihukumu baadaye kwa nafasi. Ilikuwa ile baridi ambayo kazini kwetu wazee waliondoka mmoja baada ya mwingine. Wafanyakazi tulikuwa wachache. Nilikuwa nachoka mpaka nashindwa kufungua zipu ya koti langu. Kila aliyeanguka alinihitaji mimi. Kila aliyelia alinihitaji mimi. Na kwenye ile TV kulikuwa na watu wanaumia, wanaruka na magari yao hewani, na hakuna hata mmoja aliyehitaji mikono yangu. Hakuna wa kuinua. Hakuna ripoti ya kuandika. Nilikaa tu nikatazama, na moyo ukahisi, sijui niseme vipi, ukahisi umepewa ofu, siku ya kupumzika.

Nikaanza kuzitafuta kwenye simu. Mbio zenyewe sikuzitaka, zinachosha, magari yanazunguka na kuzunguka. Nilitaka ajali tu. Kumbe kuna watu wamekaa wakazikusanya, zimepangwa, hii ina moto, hii imepinduka mara sita. Niliziangalia kwenye chumba cha mapumziko nikila ugali wa jana. Niliziangalia kwenye maegesho kabla ya kuingia shifti. Mama mchungaji, nisamehe, niliziangalia kwenye choo cha kanisa hili, ile Jumapili uliyohubiri juu ya Msamaria Mwema. Mahubiri ya mtu aliyepigwa akaachwa kando ya njia, na mimi nimejifungia chooni naangalia watu wanaanguka. Nikikumbuka, naona kinyaa. Siyo aibu. Aibu inapona. Ni kinyaa, kama kile cha kukuta unywele kwenye chakula ulichokwisha kumeza.

Nyumbani nilimweka binti yangu kando yangu kwenye kochi. Mwanzoni kila gari likiruka alisema lile neno lake. "Pole." La pili, "Pole." La tatu, "Pole." Ikanikera! Ilikuwa inaniharibia. Nikamwambia, "Mama, hao ni watu wa TV. Wamelipwa. Hawahitaji pole yako."

Akanitazama. Halafu akaacha.

Baada ya wiki chache akapata neno jipya. Mimi nilikuwa nikiona magari yanaanza kuyumba naruka kwenye kochi, "Kubwa! Kubwa hiyo!" Naye akaanza kuruka na mimi. "Kubwa!" Mtoto ambaye miaka yote alikuwa na neno moja la Kiswahili sasa alikuwa na mawili. Na mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilimpigia mama yangu simu Nakuru nikamwambia, mjukuu wako Kiswahili kinaingia. Mama akamshukuru Mungu. Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo walikuwa wananitazama mimi.

Mume wangu alinionya. Alisema, "Mama, hii kitu inakugeuza." Nikamwambia kila mtu ana starehe yake, yeye si ana mpira? Akasema kwenye mpira hangoji mtu avunjike. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo kwa kelele.

Mwaka uliofuata, likizo ya shule ya majira ya kuchipua, nikamlazimisha mume wangu tuende kuziona mbio kwa macho. Tuliendesha siku mbili kwenda Kusini, huku kwetu bado kuna theluji, kule watu wamevaa kaptula. Nilikuwa nimejaa furaha kama bibi harusi.

Wacha niwaambie jinsi uwanja ule unavyonuka. TV haina pua. Mpira wa tairi uliounguzwa, petroli, bia iliyomwagika ikakauka juani, na mafuta ya kukaangia yaliyochoka. Viatu vinanata kwenye ngazi. Mapipa yamefurika mifupa ya mapaja ya bata mzinga, watu wanaishika mikononi kama marungu, mafuta yanawachuruzika mpaka kwenye viwiko. Kwenye ngazi ya safu yetu mwanamume mmoja alitapika, na watu walimruka wakiendelea na safari zao. Nami nilimruka. Mimi, CNA, ninayebeba glavu kwenye mkoba, nilinyanyua sketi yangu nikamruka, kwa sababu magari yalikuwa yanaanza.

Na kelele! Unaisikia kwenye meno. Tulikodi zile ngao za masikio zenye spika ndani, zinazomleta mtangazaji. Magari yakazunguka. Yakazunguka. Mzunguko wa thelathini, wa themanini, hakuna kitu. Jua linanichoma, chipsi zimepoa, na mimi moyoni nakasirika. Wanatupotezea muda hawa! Watu arobaini wanarudi salama kila mzunguko, na mimi nimenuna.

Hapa ndipo niliposema mtanyamaza. Niliomba. Niliinamisha kichwa kwenye kiti kile kinachonata, nikafumba macho, nikasema, Bwana, kabla hawajamaliza, tuletee ile Kubwa. Niliomba kwa jina lile lile tunalotumia hapa kuwaombea wagonjwa.

Ilikuja ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Gari moja katikati ya kundi liliguswa nyuma, pua ikageuka, na ule msafara wote ukapasuka mbele ya macho yetu. Vipande vya bati vikaruka juu ya uzio wa waya. Gari moja la buluu likapinduka, likateleza juu ya paa lake, likagonga ukuta, likarudi katikati ya moshi, likasimama limelala ubavu. Watu wote uwanjani walisimama kwa mara moja, kama tunavyosimama kwa wimbo wa mwisho. Mimi chipsi zilikuwa hewani. Nilikuwa naruka, nimemshika binti yangu mikono yote miwili, na yeye anaruka, tunapiga kelele, "Kubwa! Kubwa! Kubwa!"

Halafu uwanja ukaanza kutulia. Safu kwa safu. Mume wangu alikuwa hajaondoa ngao zake, alikuwa anamsikiliza mtangazaji. Akanigusa bega.

"Wavu haujashuka," akasema.

Nikasema, "Ngoja kidogo, nairudia." Nilikuwa nimeirekodi. Nilikuwa nimeinamia simu naitazama tena, wakati mtu mwenyewe bado yumo ndani ya gari, pale chini, mbele yangu.

Walimtoa baada ya muda mrefu. Baadaye tulisikia ni mbavu na mguu, na kwamba atapona. Lakini hayo tuliyasikia baadaye, hotelini. Pale uwanjani hakuna aliyejua, wanaume wakubwa wenye matumbo ya bia walikuwa wamevua kofia, hata yule aliyetapika alikuwa amesimama wima, na mimi naangalia marudio. Nilikuwa mchafu kuliko ngazi zile.

Mume wangu hakunisemesha mpaka tulipoingia Minnesota, na hapo alisema tu, "Tuweke mafuta." Ungedhani hapo ningezinduka. Wapi! Ile video niliituma kwenye kundi la familia, na kundi la wanawake wa kanisa. Ndiyo, nyie. Kuna kumi na moja hapa walioweka vile vikatuni vya uso unaocheka, ninawaona, msiangalie sakafu.

Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mimi nimesafisha usaha mwingi kazini, najua jipu linavyokuwa kabla ya kupasuka: kwa juu ngozi inang'aa tu, unadhani ni afya.

Lilipasuka wiki mbili baada ya safari, saa sita mchana, ukumbi wa chakula. Mzee wangu alikuwa anakuja mezani na kile kigari chake cha kutembelea. Gurudumu likakamata mguu wa kiti. Kiti kikaenda kikagonga kiti kingine, hicho kikagonga toroli ya vinywaji, toroli ikayumba, ikaenda na vikombe vyote. Na mzee katikati, akashuka, polepole, akiwa ameshikilia hewa. Juisi ya machungwa ikamwagika juu ya kichwa chake. Vikombe vikabingirika mpaka ukutani.

Nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa, "Kubwa!"

Kwa sauti. Na kicheko nyuma yake. Kicheko kizima, cha tumboni, mbele ya wazee wote waliokuwa wanakula.

Mzee alikuwa chini, mguu umekaa vibaya, nami kwa kazi yangu nilijua ni nyonga kabla hata hajaguswa. Hakulia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Alikuwa anangoja. Nilikuwa bado na kicheko usoni, nashindwa kukitoa, kimegandia. Akalisema mwenyewe, kwa ile lafudhi yake, sauti ikipanda mwishoni kama mtu anayeuliza njia.

"Pole?"

Ndugu zangu, nimeosha maiti. Nimesafisha vidonda ambavyo hata kuvielezea mbele ya chakula si adabu. Sijawahi kusikia kichefuchefu kama cha siku hiyo, na kilichokuwa kinanuka kilikuwa mimi.

Kulikuwa na dada mmoja Mtanzania kwenye shifti, mtu wa maneno machache na Kiswahili kilichopigwa pasi. Yeye ndiye aliyekimbia, akapiga magoti kwenye juisi, akamshika mzee mkono mpaka muuguzi na watu wa ambulensi walipofika. Kisha akaenda ofisini akaandika ripoti. Hakuficha kitu. Aliandika kwamba mfanyakazi mwenzake alicheka. Nami nikapewa fomu yangu nijaze. Kuna sehemu imeandikwa: mfanyakazi alifanya nini mara baada ya tukio? Niliandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaandika, nilicheka. Neno moja tu, na kalamu ilinitoa jasho.

Nikasimamishwa kazi uchunguzi ufanyike. Kosa la kumdhalilisha mzee aliye chini ya uangalizi si jambo dogo hapa, mnajua. Linaweza kukufungia mlango wa kazi hii jimbo zima. Nikaambiwa nisimsogelee mzee.

Binti yangu akarudi shule akanikuta nyumbani mchana. Akauliza kwa nini. Nikafikiri nimdanganye, nikaona uchafu umetosha. Nikamweleza yote, mzee alivyoanguka, nilivyosema, alivyoniomba. Akasikiliza. Halafu akanijibu kwa Kiingereza chake, bila ubaya wowote, kama anayenikumbusha tu: "Lakini ulisema watu hawaihitaji."

Mtoto huyu ana maneno mawili ya Kiswahili, na yote mawili nilimpa mimi.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Ni yule dada Mtanzania, na bakuli la maandazi. Nikamfungulia kwa hasira, sitaki kuwadanganya. Nikamwambia, "Umekuja kuona nimefikia wapi?"

Akasema, "Dada, nimeandika nilichokiona. Yule mzee hana mwingine wa kumsemea, nisingeweza kunyamaza. Hilo limekwisha. Sasa nimekuja kukupa pole."

Pole! Mimi! Nilikaa sakafuni pale pale mlangoni na koti lake likidondosha theluji juu yangu, nikalia mpaka jirani akafungua mlango kuchungulia. Miezi na miezi sikuwa nimempa mtu neno hilo, na huyu niliyepaswa kumwonea haya ananiletea mpaka kwangu, na maandazi juu. Hakunisifu, hakuniambia ni kawaida. Alikaa na mimi. Kisha yeye na mume wangu wakakaa kila mmoja upande wangu nikafuta zile video moja moja. Hawakukubali nizifute kwa mkupuo. Mume wangu alisema, "Hapana, hii kwanza tuiangalie. Huyu alitoka mzima?" Na ya pili. Na ya tatu. Nyingi sikuwa najua. Nilikuwa nimeziangalia mara mia, na sikuwa najua kama mtu alitoka mzima! Zilikuwa zimekatwa kabla ya wavu.

Jumamosi iliyofuata dada huyo alinileta hapa, kwenye kundi hili. Mliokuwepo mnakumbuka nilikaa kiti cha mwisho na kofia ya baridi kichwani saa mbili nzima.

Kazini walinirudisha baada ya wiki sita, kwa onyo na mafunzo, na nilistahili zaidi. Mzee naye alikuwa amerudi, sasa kwenye kiti cha magurudumu. Niliomba ruhusa niende chumbani kwake na msimamizi akiwepo. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya Kiingereza. Nilipomwona, na ile kofia, na ile miguu chini ya blanketi, hotuba ikapotea. Nikasema, "Pole. Pole sana, mzee."

Akaiweka ulimini kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Akasema, "Imechelewa. Lakini naipokea."

Sasa nishukuru, halafu nikae. Namshukuru mume wangu, aliyenyamaza maili elfu moja na zaidi bila kunitukana, ingawa ningependa siku nyingine atukane. Nawashukuru nyie mliokuwa mnaniuliza kila Jumamosi, "Umeangalia?" bila kunibembeleza. Dada yangu Mtanzania, uliyenishtaki, nakushukuru kwa kunishtaki. Wengine hapa mngenifichia, kwa sababu ni Mswahili mwenzenu, na mngekuwa mmenizika.

La kuwaachia ni hili. Simu zenu zina hizo hizo video. Basi limepinduka kule nyumbani, lori limewaka moto, na kabla maiti haijafunikwa imeshafika Woodbury na Hopkins, imesindikizwa na ule uso unaolia machozi. Kabla hujaituma mbele, jiulize kama mtu yule ametoka. Kama hujui, weka simu chini. Vua kofia. Mimi sina hekima zaidi ya hiyo, na hiyo yenyewe si yangu, ni ya fundi mmoja mzee ambaye nilimcheka.

Jumapili iliyopita nilikuwa na ofu. Nikamchukua binti yangu tukaenda Blaine kumtembelea mzee, kwa sababu alikuwa ameniomba nimlete. Mbio zilikuwepo. Nilitaka kuzima, mzee akakataa, akasema yeye mbio hajakosana nazo. Tukaangalia, na nilikuwa nashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Karibu na mwisho kundi likayumba, likapasuka, moshi ukajaa.

Sikumwangalia dereva. Namtaka radhi, nilimwangalia mtoto. Nilikuwa nangoja nisikie lipi kati ya yale maneno mawili. Mdomo ulifunguka. Akamgeukia mzee, akaona kofia iko gotini, naye akavua ile ya kwake ya sufu, akaishika.

"Wavu?" akauliza. Kwa Kiswahili. Lilikuwa neno la tatu, alilipata usiku mmoja mezani tulipokuwa tunamsimulia na baba yake.

"Bado," nikamwambia.

Tukangoja watatu. Moshi ukapungua, na kwenye lile dirisha mkono ukasukuma, wavu ukashuka. Mzee akavaa kofia yake. Nami nikapumua nikidhani yamekwisha. Lakini binti yangu akainuka, akaisogelea TV mpaka karibu kuigusa, akamwambia yule dereva, mtu asiyemjua na asiyeweza kumsikia, taratibu, "Pole."

Safari hii sikumwambia kwamba hahitaji.